Madondo kwa Keja: Kila Kitu Unafaa Kujua Kabla Gesi Ikuishie

Kama unaishi peke yako Nairobi na mwezi umefika tarehe 20, madondo ndio rafiki yako wa kweli. Nyama imeenda, mayai imepanda, na sukuma pekee ukiila siku nne mfululizo unaanza kuongea na ukuta. Madondo zinajaza tumbo, zina protini, na hazikuulizi mshahara unaingia lini.

Shida ni moja tu. Unaweka sufuria kwa meko saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku bado ziko ngumu kama changarawe, na gesi inaanza kutoa ule moto wa rangi ya machungwa. Hapo ndio wasee wengi huwachana na madondo na kurudi kwa kibanda kununua chapo dondo kila siku. Sio makosa, lakini kuna njia. Mimi baada ya kuacha college niliingia keja na meko moja, godoro na sufuria mbili, na hii kitu nimeipika mara nyingi kuliko kitu ingine yoyote. Wacha nikushow vile inafanyanga kazi, kutoka kwa gunia hadi kwa sahani.

Nairobi iko juu sana, na madondo zinajua

Kuna kitu watu hawakuambiangi. Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100. Nairobi tuko juu ya bahari kama mita 1,700 na kitu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji yanachemka kwa digrii 94 hivi. Ukienda Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,200, yanachemka kwa kama 92. Unaona yakitokota kwa fujo unadhani moto umefika mwisho, kumbe maji hayawezi kupata moto zaidi ya hapo hata ukiweka moto wa kuzimu.

Digrii sita zinakaa kidogo, lakini kwa madondo ni nyingi sana. Ndio maana cousin wako wa Likoni anapika maharagwe na anarudi kwa kiti mapema, na wewe Kasarani bado umesimama na mwiko. Kuongeza moto hakusaidii. Kunamaliza tu maji na gesi.

Hesabu ya gesi nayo ni hivi. Jiko la kawaida la gesi likiwa limefunguliwa hadi mwisho linakula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa. Mtungi wako ni kilo 6. Madondo kavu ambazo hukuloweka, zikikaa kwa moto mkubwa masaa mawili na nusu, umechoma karibu nusu kilo ya gesi kwa dishi moja. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki na kwa mwezi madondo peke yake yatakula zaidi ya nusu ya mtungi. Maji yakishachemka, punguza moto mpaka uone tu yanatokota pole pole, na ufunike sufuria. Joto la maji ni lile lile na gesi inapungua sana. Msee anayepika madondo bila kifuniko anapasha moto keja, sio chakula.

Kununua: hapa ndio vita inashindwa ama kushindikana

Madondo mbaya haziokolewi na jiko lolote. Dondo ikikaa stoo miezi mingi mahali pa joto na unyevu, inabadilika ndani, na kuna zingine hazitawahi kuiva vizuri hata uzichemshe hadi asubuhi. Kwa hivyo umri wa dondo ni muhimu kuliko aina yake.

Misimu yetu ya mavuno ni miwili: baada ya mvua ndefu, kuanzia kama Juni hadi Agosti, na baada ya mvua fupi, kwenye Desemba hadi Februari. Hapo ndio utapata mpya na bei imeshuka kidogo. Ukinunua Mei ama Novemba, jua kuna uwezekano ziko kwa gunia tangu msimu uliopita. Angalia rangi. Zilizozeeka hufifia na kuwa na weusi fulani, ngozi imekosa ile shine. Angalia pia kama kuna vitundu vidogo vya mviringo. Hivyo ni vya wadudu, na kama ulisoma boarding huhitaji nikueleze zaidi. Tulikuwa tunaita hao protini ya ziada.

Usinunue gorogoro nzima mara ya kwanza kwa mtu usiyemjua. Chukua robo, enda upike, zikikubali urudi. Mama mboga atakuambia "kastoma, hizi ni mpya kabisa", na pengine ni ukweli, lakini sufuria ndio itasema. Wanaonunua mingi huenda Nyamakima, ile sehemu ya tao yenye maduka ya nafaka yamepangana. Ukiwa na mbogi ya watu watatu wanne mnachanga, mnanunua pamoja huko na kugawana.

Kuhusu aina, jua hizi chache tu:

Rosecoco na nyayo ni zile kubwa zenye madoadoa mekundu. Supu yake ni nzito na tamu, na ndizo kibanda nyingi hutumia. Wairimu ni zile ndogo nyekundu, zinashika umbo vizuri hata zikiiva, poa kwa githeri. Mwitemania ni ya rangi ya maziwa na mistari ya kahawia. Yellow, ile ya njano, watu wengi wanaipenda kwa sababu haisumbui tumbo sana, lakini mara nyingi bei yake iko juu. Kuna moja inaitwa mwezi moja, na hapana, haimaanishi utaipika mwezi mmoja. Jina linatokana na vile inakomaa haraka shambani.

Hawa wengi, yaani rosecoco, wairimu, mwitemania na mwezi moja, walitoka ama walisafishwa kwa mradi wa utafiti wa Thika miaka ya sabini na themanini, ndio maana kwa vitabu vya kilimo utaona zimeandikwa GLP na namba. Siku hizi KALRO wametoa zingine kama Nyota, ambayo ina madini mengi ya chuma na zinki na inaiva haraka. Ukiiona sokoni, chukua.

Kitu kingine: usikubali mchanganyiko. Aina tofauti zinaiva kwa muda tofauti, kwa hivyo utapata nusu zimekuwa uji na nusu bado zinapigana na meno.

Kuloweka, na mbona mathe alikuwa sahihi

Chambua kwanza, toa mawe. Jiwe moja linaweza kukugharimu jino, na dentist sio bei ya madondo. Osha, weka kwa sufuria kubwa, mwaga maji mara tatu ya kiwango cha madondo, na uwachie usiku mzima, masaa nane hadi kumi na mbili. Zitakunywa maji na kuwa karibu mara mbili kwa ukubwa. Hiyo peke yake inaweza kukata karibu nusu ya muda wa kupika.

Ulisahau kuloweka? Chemsha kwa dakika mbili tatu, zima moto, funika, wacha saa moja. Sio sawa kabisa na usiku mzima lakini inasaidia.

Halafu mwaga hayo maji. Usiyapikie. Ndani yake kuna aina fulani ya sukari ambayo tumbo lako haliwezi kusaga. Inaenda hadi utumbo mkubwa, bakteria wanaifanyia sherehe, na wewe uko kwa matatu ya Rongai madirisha yamefungwa. Kumwaga maji ya kuloweka kunapunguza hiyo noma. Ukizoea kula madondo kila wiki, tumbo pia linazoea.

Sasa story ya chumvi. Wengi tumeambiwa chumvi inafanya madondo zikatae kuiva. Enyewe chumvi sio adui. Kijiko kidogo kwa maji ya kuloweka hata kinasaidia ngozi kulainika. Adui wa kweli ni vitu viwili: uchachu, na maji yenye chokaa nyingi. Nyanya, ndimu, siki, yote hayo yanafanya dondo ibaki ngumu. Usiweke nyanya mpaka ziive kabisa. Na kama uko Pwani unatumia maji ya kisima, visima vingi huko viko kwa mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa. Tumia maji ya mfereji ama ya mvua kwa kuchemsha, utaona tofauti.

Magadi, na ile dawa ya maumivu

Magadi inatoka Ziwa Magadi kule Kajiado, na cucu wengi huweka kipande kwa githeri. Inafanya kazi kweli. Inavunja kile kitu kinachoshikanisha seli za dondo, zinalainika haraka. Lakini inaua vitamini B1, inaongeza sodiamu, na magadi ya kuchimbwa huwa na floridi, ile inayofanya meno kuwa na madoa ya kahawia. Ukiweka, weka kidogo sana, ncha ya kijiko kwa sufuria nzima, na sio kila siku. Ukiskia supu inateleza kwa ulimi kama sabuni, umeweka mingi.

Halafu kuna hii story inazunguka mtaani kwamba watu huweka tembe za maumivu kwa sufuria ili madondo ziive haraka. Sijui nani alianzisha hiyo akili. Buda, usijaribu. Kuchemsha hakuondoi dawa. Utakuwa unakula dozi usiyoijua, na hiyo dawa ikizidi inaharibu ini. Hakuna dishi la madondo linalofaa hiyo bei.

Moto gani?

Sufuria ya presha ndio jibu la mtu wa Nairobi, na hapa ndio ile hesabu ya digrii inarudi. Ikifungwa, mvuke unakosa pa kwenda, presha inapanda, na maji yanaenda hadi kwenye digrii 115 na zaidi. Madondo zilizolowekwa zinaiva kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kuanza kupiga filimbi, moto ukiwa chini. Ni doo ya kutoa mara moja, ndio, lakini inajilipa kwa gesi. Usijaze zaidi ya nusu, kwa sababu madondo zinatoa povu na povu likiziba kile kishimo cha mvuke una bomu jikoni. Usifungue kwa nguvu. Ngoja presha ishuke yenyewe, na hapo hapo zinaendelea kuiva bure.

Kama huna, kuna kikapu, lile jiko lisilo na moto. Ni kikapu kimefungwa ndani na blanketi ama sponji. Unachemsha madondo zilizolowekwa kwa moto mkali nusu saa nzima, unafunika, unaweka sufuria ndani ya kikapu ikiwa bado inatokota, unafunga na kwenda job. Ukirudi ziko laini. Ile nusu saa ya kuchemsha usiikate, na sababu iko hapa chini.

Jiko la makaa ni tamu kwa madondo, hakuna ubishi, na nje kwa korido linaweza kuokoa gesi yako. Lakini hii nitasema kama ndugu yako: usiliingize ndani ya nyumba halafu ufunge mlango, hata kama ni Julai na baridi imekushika. Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, huoni moshi. Unaskia kichwa kinauma, unalala, na huamki. Kila msimu wa baridi tunaskia kwa habari watu wameenda hivyo, wakati mwingine familia nzima. Kama madondo bado na usiku umefika, zima, malizia kesho.

Dondo mbichi inaweza kukulaza

Watu wanadhani dondo isiyoiva ni shida ya meno tu. Madondo, hasa zile nyekundu, zina sumu ya asili ndani. Zikiwa mbichi ama nusu mbichi, hata tano tu zinaweza kukutapisha na kukuendesha ndani ya masaa matatu. Kuchemsha vizuri kunaiua. Kupasha moto pole pole bila kufika kuchemka hakuiui, na kunaweza hata kuifanya kali zaidi. Ndio sababu hiyo nusu saa ya moto mkali kabla ya kikapu sio ya mapambo, na huku kwetu ambako maji hayafiki 100, ukizidisha dakika kadhaa hakuna kitu umepoteza.

Namna ya kujua zimeiva: chukua tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, bonyeza kila moja kati ya ulimi na juu ya mdomo. Zote zikivunjika bila kutumia jino, ziko sawa. Moja ikikataa, rudisha. Maji yakipungua, ongeza ya moto, sio ya baridi, la sivyo unalipa gesi mara mbili.

Kukaanga

Hapa kila mtu ana mkono wake, nami sitakupigia kelele. Vikombe viwili vya madondo kavu vinatoa kama vitano vilivyoiva, hiyo ni milo minne ya mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida.

Kitunguu kikubwa kimoja kwa mafuta, kaanga mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, na usiharakishe hapo kwa sababu utamu wote unaanzia hapo. Saumu na tangawizi, dakika moja. Nyanya tatu, kaanga mpaka mafuta yajitenge. Weka hoho kama iko. Mwaga madondo na supu yake kidogo, chumvi, halafu chukua mwiko uponde kama robo ya hizo madondo kwa ukuta wa sufuria. Hiyo ndio siri ya ile supu nzito ya kibanda, sio unga wala kiungo cha pakiti. Wacha zitokote dakika kumi na tano, malizia na dania.

Ukitaka kula kama mtu wa Pwani, wacha nyanya nyingi, tumia nazi moja. Kuna, kamua tui zito uweke kando, mwaga maji tena ukamue tui jepesi. Madondo zikishaiva, pika na tui jepesi, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa. Mwisho kabisa weka tui zito, koroga, toa kabla halijachemka sana likatike. Na chapo ama wali, manze.

Kitu kimoja kuhusu chai. Madondo zina madini ya chuma, lakini chai ya rangi ama ya maziwa ukinywa pamoja nayo inazuia mwili kuyachukua. Nyanya, sukuma na chungwa zinafanya kinyume, zinasaidia. Kama wewe ni dem na periods zako ni nzito, ama daktari amekuambia damu iko chini, sogeza kikombe cha chai saa moja mbele na uweke kachumbari ya ndimu kwa sahani.

Kama huna friji

Wengi wetu hatuna, kwa hivyo tusidanganyane. Madondo zilizoiva zikikaa nje masaa mengi zinaharibika, na zile zimekaangwa na nyanya na kitunguu zinaenda haraka zaidi. Ukiona povu juu ama harufu ya uchachu, mwaga bila kuuliza rafiki. Kuchemsha tena hakuondoi kila sumu ambayo bakteria wameacha.

Bila friji, pika ya siku moja, ama ongea na jirani mwenye friji mgawane gharama ya gesi: yeye anaweka, wewe unachemsha. Mkiwa na sehemu ya kugandisha, chemsha kilo nzima mara moja, zitakuwa zaidi ya kilo mbili. Ziache zipoe, gawa kwa mifuko ya mlo mmoja mmoja pamoja na supu kidogo, zitakaa miezi. Kilo moja kwa sufuria ya presha haitumii gesi mara nne ya robo kilo.

Na kama haya yote yamekushinda, kuna yule mama wa stage anayeuza madondo zilizochemshwa kwa kikombe, bado na moshi wa makaa. Anapika gunia kwa jiko moja kubwa, kwa hivyo moto wake kwa kila kikombe ni wa bei ya chini kuliko wako. Kwa mtu mmoja mwenye meko na bila sufuria ya presha, mara nyingi hiyo ndio hesabu bora. Nunua vikombe viwili jioni, kaanga mwenyewe, na enda mapema. Kufikia saa mbili usiku huwa amebaki na githeri pekee.